Sayyida Salme: Mama, Mjane na Mwalimu

Kila shule zinapofunguliwa, mwalimu wa kike mwenye mtoto mchanga huamkia swali moja kabla ya alfajiri: mtoto atabaki na nani? Katika Ndalu, kwenye mashamba ya mahindi yaliyo njia ya Kitale, jibu la miaka mingi limekuwa nyanya, au kukhu kama Wabukusu wamwitavyo. Asipokuwapo kukhu, hutafutwa binamu aliyemaliza darasa la nane; na akikosekana binamu, mwajiri hulazimika kusikiliza visingizio. Swali hilo hudhaniwa kuwa la wanawake wa zama hizi, waliosoma na kuajiriwa. Maisha ya binti mmoja wa Unguja, aliyezaliwa katika jumba la kifalme na kufariki katika mji mdogo wa Ujerumani zaidi ya miaka mia moja iliyopita, yanaonyesha kwamba swali hilo lina umri mkubwa zaidi ya ule wa ofisi na barua za ajira.

Sayyida Salme binti Said alizaliwa tarehe 30 Agosti mwaka wa 1844 katika jumba la Mtoni, kaskazini ya mji wa Unguja. Baba yake, Sayyid Said bin Sultan, alikuwa mtawala wa Omani na Zanzibar, na ndiye aliyeuhamishia ukao wake Unguja na kuhimiza kilimo cha mikarafuu kisiwani. Mama yake, Jilfidan, alikuwa suria aliyetekwa utotoni katika nchi ya Wacherkasi, kwenye milima ya Kaukasi, akaletwa mpaka mwambao wa Afrika Mashariki. Sayyid Said alipofariki mwaka wa 1856, aliacha watoto hai 36, wana 18 na mabinti 18. Salme alikuwa miongoni mwa wadogo.

Inafaa kukaa kidogo katika jumba hilo la Mtoni, kwa kuwa ndilo lililompa Salme picha yake ya kwanza ya umama. Kiarabu ndicho kilichoamriwa kuzungumzwa mbele ya Sayyid, lakini akishageuza mgongo zilisikika lugha za kila aina: Kiajemi, Kituruki, Kicherkasi, Kihabeshi, Kinubi, na Kiswahili ambacho kila mtu alikijua. Mtoto alizaliwa mikononi mwa wengi. Alikuwa na mama, alikuwa na mwanamke wa kumnyonyesha, alikuwa na yaya na wasaidizi wa yaya, na juu ya hao palikuwa na mama wa kambo kadhaa na dada wakubwa waliomchukua na kumrudisha kama walivyotaka. Mtoto wa kike alitobolewa masikio akiwa na umri wa siku chache. Siku ya arubaini alinyolewa nywele kwa sherehe, na nywele hizo hazikutupwa ovyo bali zilizikwa au kutoswa baharini. Hakuna mama wa jumba lile aliyepata kuachwa peke yake na mtoto anayelia.

Ni malezi ya kupendeza yakitazamwa kutoka mbali. Lakini mikono hiyo mingi ilikuwa ya nani? Wanyonyeshaji na mayaya wa Mtoni walikuwa watumwa. Wengine walikuwa mama wa watoto wao wenyewe, nao walitoa maziwa na usingizi wao kwa watoto wa bwana. Suala la mama na kazi lilikuwa limetatuliwa jumbani kwa kumtwisha mama mwingine, asiyelipwa na asiyeweza kukataa. Salme aliliona jambo hilo tangu utotoni na halikumsumbua. Hata alipokuwa mtu mzima mwenye kuandika, aliutetea utumwa wa Unguja dhidi ya Wazungu walioushutumu. Hili ni doa katika maandishi yake, na msomaji wa Afrika Mashariki ana haki ya kulikasirikia. Wakati huo huo, haiwezekani kuelewa ukubwa wa anguko lililompata baadaye bila kukumbuka ni juu ya migongo ya akina nani alikuwa amesimama.

Mabinti wa jumba walifundishwa kusoma Kurani, lakini kuandika kulihesabiwa kuwa jambo la wanaume. Salme alijifunza kwa siri. Alitumia mfupa wa bega la ngamia badala ya ubao, akanakili herufi moja moja kutoka katika msahafu mpaka mkono wake ukazoea, kisha akamwomba mtumwa mmoja msomi amsahihishie mwandiko. Ujuzi huo ulimfaa, na pia ulimponza. Mwaka wa 1859, mwaka aliofariki mama yake, nduguye Barghash alipanga njama ya kumpindua ndugu yao Majid aliyekuwa akitawala Unguja. Dada yao Khole alikuwa upande wa Barghash, naye Salme akavutwa humo kwa mapenzi ya dada huyo. Kwa kuwa alijua kuandika, akafanywa katibu wa wapanga njama akiwa na umri wa miaka 15. Njama ilishindwa. Barghash alihamishiwa Bombay, na familia ikagawanyika. Baada ya muda Salme alipatana na Majid, na upatanisho huo ukamtia uadui na upande wa pili, ambao haukuusahau.

Alikwisha kupewa urithi wake wa baba, shamba pamoja na fedha, akiwa na umri wa miaka 12. Aliishi Kizimbani kwenye mikarafuu, kisha Bububu pwani, na hatimaye akarejea mjini. Nyumba yake ya mjini ilipakana na ile ya mfanyabiashara kijana kutoka Hamburg aliyeitwa Rudolph Heinrich Ruete. Mapaa ya nyumba za Mji Mkongwe yanakaribiana, na mazungumzo ya jioni huvuka kwa urahisi kutoka paa moja hadi jingine. Kufikia katikati ya mwaka wa 1866 Salme alikuwa mja mzito. Mwanamke wa nasaba ya Busaidi, asiye na mume, mwenye mimba ya mgeni asiye Mwislamu: hapana haja ya kueleza hatari iliyokuwa ikimkabili. Mke wa daktari Mwingereza aliyekaimu ubalozi alimsaidia kupanga safari. Mwezi wa Agosti, usiku wa sherehe za Mwaka ambapo wanawake wa Unguja hushuka baharini kuoga, Salme alishuka pamoja nao, akapanda mashua, akaingia katika manowari ya Kiingereza iliyoitwa Highflyer. Asubuhi alikuwa bahari kuu, safarini kuelekea Aden.

Huko Aden alikaa miezi tisa, akihifadhiwa na mume na mke Wahispania aliofahamiana nao Unguja. Mwezi wa Desemba alijifungua mtoto wa kiume, akaitwa Heinrich. Ruete alikuwa bado Unguja akimaliza hesabu za biashara yake. Alipowasili mwezi wa Mei mwaka wa 1867, Salme alibatizwa kwa jina la Emily na siku hiyo hiyo, tarehe 30, akafunga ndoa. Wakaanza safari ya Ulaya. Mtoto hakufika Hamburg. Alifia njiani, katika nchi ya Ufaransa, kabla ya kutimiza hata mwaka mmoja. Salme, ambaye baadaye aliandika kurasa nyingi kuhusu ada za uzazi za Unguja, alilipitia jambo hili kwa ukimya mzito, nao wasifu unapaswa kuuheshimu ukimya huo.

Miaka mitatu ya Hamburg ilikuwa ya utulivu wa nje na baridi ya ndani. Watoto walifuatana upesi: Antonie Thawka mwezi wa Machi 1868, Rudolph Said mwezi wa Aprili 1869, na Rosalie Ghuza mwezi wa Aprili 1870. Majina hayo yalikuwa na pande mbili, moja la Kijerumani kwa ajili ya majirani na moja la Kiarabu kwa ajili ya mama. Yeye na mumewe walizungumza kwa Kiswahili, lugha waliyoanza kuelewana kwayo juu ya mapaa. Mume alipokwenda kazini asubuhi, Kiswahili kiliondoka naye hadi jioni.

Siku moja mwanzoni mwa mwezi wa Agosti mwaka wa 1870, Ruete aliteremka vibaya kutoka katika tramu ya kukokotwa na farasi, akaanguka na kukanyagwa. Alifariki siku chache tu kabla ya mkewe kutimiza miaka 26. Mtoto mkubwa alikuwa na miaka miwili na miezi kadhaa, wa mwisho alikuwa hajatimiza miezi minne. Vita kati ya Ufaransa na Prussia vilikuwa vimeanza mwezi uliotangulia. Mwezi wa Oktoba mwaka huo huo Majid naye alifariki Unguja, na kiti kikarithiwa na Barghash. Kwa muda wa miezi mitatu Salme alimpoteza mume aliyemtegemea Ulaya na ndugu pekee mwenye mamlaka aliyeweza kumhurumia nyumbani.

Hapo ndipo maisha yake yanapoingia katika kiini cha makala haya. Sheria ya Hamburg wakati huo haikumwamini mjane kusimamia peke yake mali ya watoto wake. Waliwekwa wasii wanaume, na mama aliyewazaa watoto akalazimika kuomba idhini ya wageni katika mambo ya fedha zao. Sehemu kubwa ya mali aliyoiacha Ruete, iliyofungamana na biashara ya ng'ambo, ikapukutika. Wajane wa Bungoma na Trans Nzoia hawahitaji mfasiri wa sehemu hii ya hadithi. Wanawajua mashemeji wanaofika matangani wakiwa tayari na hesabu ya ng'ombe na mipaka ya shamba. Nchini Kenya, Sheria ya Urithi iliyopitishwa mwaka wa 1972 na kuanza kutumika mwaka wa 1981 ilimtambua mjane kuwa na haki katika mali ya mumewe, na bado kuna vikao vingi vya ukoo vinavyoendeshwa kana kwamba haikuandikwa. Salme hakuwa na sheria ya namna hiyo upande wowote. Kule Ujerumani alikuwa mwanamke. Kule Unguja alikuwa mwanamke aliyetoka katika dini, na kwa mujibu wa sheria ya Kiislamu aliyetoka katika dini hamrithi Mwislamu.

Angeweza kurudi. Wako waliomshangaa kwa kutorudi, naye mwenyewe alilirejea swali hilo maisha yake yote. Lakini watoto walikuwa Wajerumani kwa sheria na Wakristo kwa ubatizo, na aliamini kwamba marehemu mumewe angetaka walelewe katika nchi yake. Kurudi Unguja kungemaanisha ama kuwaacha au kuwapeleka mahali ambapo wangekuwa watoto wa aibu. Akabaki. Uamuzi wa mtu mzima mwenye njaa ya nyumbani ulifanywa na watoto watatu wasiojua kwamba wanaamua lolote.

Sasa ilibidi wale. Mwanamke aliyekulia katika jumba ambamo hata kuchana nywele kulikuwa na mtumishi wake alijifunza kuendesha nyumba ya Kijerumani kwa mikono yake, kuhesabu makaa ya mawe ya msimu wa baridi na kupima mkate. Alihama mara kwa mara akitafuta mji wa gharama nafuu na shule zinazofaa: kutoka Hamburg hadi Dresden, Rudolstadt, Berlin, na baadaye Köln. Cheo chake cha binti mfalme kilimfungulia milango ya sebule za wakubwa waliotaka kumwona, lakini sebule hazilipi karo. Alichokuwa nacho cha kuuza ni kile alichojifunza kwa wizi juu ya mfupa wa ngamia. Akaanza kufundisha Kiarabu kwa malipo.

Ualimu huu wa nyumbani haukuwa na mshahara wa mwezi wala likizo ya uzazi. Mwanafunzi alilipa kwa somo. Mama akiugua, au mtoto akiwa na homa, somo halikufanyika na fedha haikuingia. Katika miji ile hapakuwa na mama wa kambo, dada mkubwa wala kukhu. Mfumo mzima wa malezi aliokuwa ameuzoea ulikuwa umebaki ng'ambo ya bahari, na badala yake palikuwa na mlango uliofungwa, kwani milango ya Ulaya hufungwa kwa sababu ya baridi na kwa sababu ya desturi. Huenda hiyo ndiyo sababu, katika maandishi yake, kila alipolinganisha Mashariki na Ulaya alirudi kwenye jambo la watoto na wanaowalea. Sifa zake kwa malezi ya Unguja zimetiwa chumvi, lakini zinatoka kwa mtu aliyelea watatu bila mkono wa kumpokea.

Kuna jambo jingine ambalo mwanafunzi wa lugha hawezi kulipita haraka. Salme alijipatia riziki kwa lugha ya nyumbani kwao, ilhali nyumbani kwake mwenyewe Kijerumani ndicho kilichotawala. Wageni walilipa ili wafundishwe lugha ya Mtoni. Watoto wake, waliokula mkate ulionunuliwa kwa lugha hiyo, walijua machache mno juu ya mahali ilikotoka. Walijua kwamba mama yao ni Mwarabu na kwamba alizaliwa Zanzibar. Zaidi ya hapo hawakuwa wameambiwa. Wazazi wengi wa leo wanaotunza familia kwa kufundisha Kiswahili au Kibukusu darasani, kisha wakazungumza Kiingereza mezani, wanatembea katika njia hiyo hiyo bila ya kulazimishwa na kifo cha mtu.

Mwaka wa 1875 zilifika habari kwamba Sultani Barghash angezuru London. Salme aliona nafasi ya kupatana na ndugu yake na kudai haki yake. Alijifunza Kiingereza kwa haraka, akawaacha watoto chini ya uangalizi wa marafiki, akavuka bahari. Antonie alikuwa na miaka saba, Said sita, Rosalie mitano. Huko London alitembelewa na Sir Bartle Frere, ambaye miaka miwili kabla alikuwa ametumwa Unguja kumshinikiza Barghash afunge soko la watumwa. Serikali ya Uingereza haikutaka mgeni wake audhike. Frere akamwekea Salme uchaguzi: aonane na ndugu yake, au aache kumwendea na serikali iwahakikishie watoto wake maisha ya baadaye.

Hakuna kipimo kilicho wazi zaidi cha umama wake kuliko jibu lake. Alikuwa amesubiri karibu miaka tisa kuuona uso wa mtu wa nyumbani kwao, na mtu huyo alikuwa katika mji ule ule. Akachagua watoto. Alirudi Ujerumani bila kumwona Barghash. Barghash alipokwisha kuondoka Uingereza, Salme alijibiwa kwamba yeye ni mjane wa Mjerumani, na kwa hiyo serikali ya Malkia haihusiki na watoto wake. Wanadiplomasia waliliona jambo hilo kuwa dogo. Mama alikuwa ameuza kitu ambacho hakikununulika tena, na hakulipwa.

Aliporudi kwenye masomo yake ya Kiarabu afya ilikuwa ikidhoofika. Miaka michache baadaye, akiwa amechoka mwili na akili, na akiwa hana hakika kwamba angeishi mpaka watoto wakue, alianza kuwaandikia habari za maisha yake. Huo ndio mwanzo wa kitabu kilichomfanya ajulikane. Hakikuanza kama kitabu. Kilikuwa wosia wa mama kwa watoto watatu ambao hangeweza kuwaachia shamba wala nyumba, ila kumbukumbu. Kwa kuwa watoto walisoma Kijerumani, aliandika kwa Kijerumani, lugha aliyoijua akiwa mtu mzima tayari, na hapa na pale neno la Kiswahili likabaki kwa sababu halikupata mwenzake.

Kilichapishwa Berlin mwaka wa 1886 kwa jina la Memoiren einer arabischen Prinzessin, kikarudiwa mara kadhaa, na baadaye kikapatikana kwa Kiingereza na Kifaransa. Wataalamu wanakihesabu kuwa mojawapo ya tawasifu za mwanzo kabisa kuandikwa na mwanamke Mwarabu. Ni hati adimu ya maisha ya ndani ya majumba ya Unguja: mavazi, vyakula, maradhi, ndoa, ugomvi wa masuria, Ramadhani na sikukuu. Wanahistoria wamekitumia kama ghala la habari. Ni mara chache wanapokumbushwa kwamba kilikusudiwa kwanza kusomwa na Thawka, Said na Ghuza, na kwamba mwandishi alikitoa kwa wachapishaji akiwa mama anayehitaji fedha. Wosia ukageuka kuwa kazi ya malipo.

Kati ya kuandika na kuchapisha ilitokea safari ya mwaka wa 1885, ambayo inaweza kusimuliwa kwa ufupi kwa kuwa imeelezwa mara nyingi katika historia ya ukoloni. Bismarck alihitaji kisingizio cha kumbana Barghash, aliyepinga Wajerumani kunyakua nchi za bara. Salme na watoto wake, raia wa Ujerumani wenye madai ya urithi, walifaa. Walisafirishwa hadi Unguja pamoja na kundi la manowari. Barghash aliyakubali masharti ya Wajerumani, na baada ya hapo madai ya dada yake hayakuwa na mshabiki tena. Sultani hakumpokea. Watu wa kawaida, hata hivyo, walimjia njiani wakimwamkia kwa Kiswahili, na watoto wake, wakiwa vijana sasa, waliona kwa macho yao kwamba hadithi za mama zilikuwa na mitaa, harufu na watu. Kwa mama aliyewaandikia kwa miaka, pengine huo ndio urithi pekee aliofanikiwa kuwakabidhi kisiwani.

Alirudi tena mwaka wa 1888, baada ya Barghash kufariki, akiwa pamoja na Rosalie. Hakufanikiwa. Safari hiyo hakurejea Ujerumani kuishi. Alikwenda Jaffa, kisha Beirut, mahali ambapo aliweza kuisikia adhana na kuzungumza Kiarabu bila kumfundisha mtu. Alikaa katika nchi hizo hadi mwaka wa 1914. Watoto walikuwa wamekwisha kusimama wenyewe. Said aliingia jeshini, na mwaka wa 1929 akachapisha kitabu kuhusu babu yake, Sayyid Said. Rosalie aliolewa na ofisa wa jeshi la Prussia. Antonie aliolewa na ofisa wa kikoloni, akaishi katika Visiwa vya Marshall huko Pasifiki, na mwaka wa 1907 akatoa kitabu cha mapishi kwa ajili ya wanawake wa Kijerumani walioishi nchi za joto. Binti wa mwanamke aliyejifunza jiko la Ulaya kwa shida akawafundisha Wazungu kupika katika nchi kama zile alikotoka mama yake.

Katika Beirut na miaka iliyofuata Salme aliendelea kuandika. Aliacha barua ndefu zilizoelekezwa kwa rafiki wa Unguja, ambazo hazikupata kutumwa. Humo ndimo alimoeleza yale ambayo hakuyaweka wazi katika kitabu cha kwanza: majira ya baridi ya Hamburg, kifo cha mume, wasii, upweke wa mama asiye na wa kumsaidia. Barua hizo zilichapishwa kwa Kiingereza mwaka wa 1993, karibu miaka 70 baada ya kifo chake. Anayesoma tawasifu bila barua humwona binti mfalme. Mwalimu wa kulipwa kwa somo, anayesikiliza kwa sikio moja kikohozi cha mtoto katika chumba cha pili, amefichwa ndani ya barua.

Heshima ya baada ya kifo haikumjia kwa urahisi, wala hapana sababu kwamba ingepaswa kuwa rahisi. Kule Unguja ametengewa mahali pake katika kumbukumbu za majumba ya masultani. Kule Hamburg kiwanja kimoja kilipewa jina lake mwaka wa 2019, kisha wakazi wakayasoma tena maneno yake juu ya utumwa na Waafrika, na ikaamuliwa jina hilo liondolewe. Wote wawili wana hoja. Mwanamke aliyeonewa na sheria za wanaume wa nchi mbili hakuwahi kuuona uonevu wa yaya aliyembeba.

Karibu na mwisho wa uhai wake serikali ya Unguja ilikubali kumpa pensheni ndogo. Alifariki tarehe 29 Februari mwaka wa 1924 katika mji wa Jena, akiwa na umri wa miaka 79. Alizikwa Hamburg, katika makaburi ya Ohlsdorf, kando ya mume aliyemwacha na watoto watatu. Ndani ya kaburi waliweka kifuko cha mchanga wa pwani ya Unguja, ambao alikuwa ameuhifadhi miaka yote hiyo miongoni mwa vitu vyake.